Afya ya miguu

Afya ya miguu ni hali ya miguu kuwa mizima, bila maumivu, vidonda wala ulemavu, na kuwa na uwezo wa kumbeba mtu katika shughuli zake za kila siku. Katika Kiswahili neno "mguu" hutaja kiungo chote kuanzia nyonga hadi vidoleni. Makala hii inahusu hasa sehemu ya chini, yaani kuanzia kifundo cha mguu hadi ncha za vidole, pamoja na wayo.

Matatizo mengi ya miguu huanza kama jambo dogo: mchubuko wa kiatu, ufa wa kisigino, ukucha uliokatwa vibaya. Mengi hupona yakishughulikiwa mapema. Yakipuuzwa, hasa kwa mgonjwa wa kisukari, yanaweza kusababisha mguu kukatwa.

Muundo wa mguu

Kuanzia kifundo hadi vidoleni kila mguu una mifupa 26 na viungio 33. Kwa kuwa mwili wa mtu mzima una mifupa 206, miguu miwili hubeba takriban robo ya mifupa yote. Mifupa hiyo hushikiliwa na kano na misuli, nayo hujenga tao chini ya wayo. Tao hilo hufanya kazi kama springi: hushuka kidogo mtu anapokanyaga na kurudi juu anapoinua mguu.

Ngozi ya wayo ni nene kuliko ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Ina tezi nyingi za jasho lakini haina tezi za mafuta. Ndiyo sababu miguu iliyofungiwa ndani ya viatu hulowa na kutoa harufu, na miguu iliyo wazi kwenye vumbi na jua hukauka na kupasuka.

Mazingira, kazi na viatu

Aina ya matatizo hutegemea mahali mtu anapoishi na kazi anayofanya. Mkoa wa Morogoro nchini Tanzania ni mfano mzuri, kwa kuwa una mazingira tofauti. Katika milima ya Uluguru, kwa mfano Mgeta, wakulima hulima mboga kwenye matuta ya miteremko mikali na kushusha mizigo kichwani kwa njia za miguu zenye utelezi wakati wa masika. Huko hupatikana zaidi kuteguka kwa kifundo, majeraha ya mawe na kucha zilizong'oka. Chini, kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa, miguu hukaa majini kwa saa nyingi, hivyo ngozi hulainika na kuambukizwa fangasi kwa urahisi. Maji yaliyotuama yanaweza pia kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi. Katika mashamba ya miwa ya Mtibwa kuna hatari ya kujikata kwa panga, kuchomwa na visiki na kuumwa na nyoka. Huko Mzumbe, penye chuo kikuu na shule, wengi huvaa viatu vya kufunika kutwa nzima, nao husumbuliwa zaidi na harufu, fangasi na kucha kuota ndani ya nyama.

Viatu vinavyotumika sana vina faida na kasoro zake:

- Kandambili (ndala, malapa) hupitisha hewa na ni nafuu, lakini hazilindi vidole wala kisigino, na soli yake laini hupenywa na msumari au mwiba.
- Katambuga, yaani makubadhi ya tairi, zina soli ngumu isiyotoboka kwa urahisi. Mikanda yake inaweza kuchubua ngozi.
- Mabuti ya mpira hulinda dhidi ya nyoka, maji na jembe. Hutunza jasho, hivyo yavuliwe na kukaushwa kila siku.
- Viatu vyenye ncha nyembamba au kisigino kirefu hubana vidole na kusukuma uzito wote mbele ya wayo.

Viatu vya mitumba hufaa kama bado ni imara. Ikiwa mguu wa mtu wa kwanza umeshaipinda soli upande mmoja, humlazimisha mvaaji mpya kukanyaga vivyo hivyo.

Matatizo ya kawaida

Magaga ni nyufa za kisigino zinazotokana na ukavu na ngozi kuwa nene. Miguu ilowekwe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi hivi, isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta mazito kama vaselini. Kukata magaga kwa wembe ni hatari. Ufa unaotoa damu ni mlango wa vijidudu.

Fangasi za miguu huonekana zaidi kati ya kidole cha nne na cha tano: ngozi huwa nyeupe, hulainika, huwasha na kubanduka. Hutibiwa kwa dawa ya kupaka, ambayo huendelea kutumika kwa muda ulioelekezwa hata baada ya muwasho kwisha. Wengi huacha mapema na ugonjwa hurudi. Fangasi za kucha huhitaji matibabu ya miezi mingi.

Sugu hutokea mahali panapobanwa au kusuguliwa. Ni njia ya mwili kujikinga, hivyo dawa yake ya kwanza ni kuondoa kinachobana, yaani kubadili kiatu.

Ukucha kuota ndani ya nyama hutokea zaidi kwenye kidole gumba, hasa ukucha ukikatwa kwa kuzungushwa pembeni. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, wala zisiwe fupi mno.

Maumivu ya kisigino yanayozidi katika hatua za kwanza asubuhi mara nyingi hutokana na kuchoka kwa utando mgumu unaounganisha kisigino na vidole. Hupungua kwa kunyoosha misuli ya wayo na ya shavu la mguu kila siku, kuvaa viatu vyenye soli nene, na kupunguza uzito wa mwili.

Jongo ni ugonjwa wa viungo unaosababishwa na wingi wa asidi ya yuriki katika damu. Mara nyingi huanza ghafla usiku kwa kidole gumba kuvimba, kuwa chekundu na kuuma sana.

Funza ni kiroboto mdogo sana mwenye asili ya Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akaenea barani Afrika, na kufikia mwisho wa karne ya 19 alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Jike hupenya ngozi, hasa pembeni mwa kucha na kwenye kisigino, hujaa mayai na kuvimba. Mayai huangukia chini na kukua katika udongo mkavu wenye vumbi. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa shida, huchekwa na wenzake, na anaweza kuacha shule. Kumwita mchafu hakumsaidii, kwa kuwa chanzo kipo pia kwenye sakafu ya udongo na kwa nguruwe, mbwa na panya wanaobeba funza walewale. Kutumbua watu kadhaa kwa pini moja kunaweza kueneza VVU na homa ya ini. Jeraha likiingia uchafu linaweza kuleta pepopunda. Mafuta ya dimetikoni yakipakwa humziba funza pumzi na kumwua bila kumtoboa mtu. Kinga yake ni viatu vilivyofungwa, kuosha miguu kila jioni, sakafu ya saruji au iliyokandikwa vizuri, na kutibu wanyama.

Minyoo ya safura hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga peku udongo wenye kinyesi. Hunyonya damu tumboni na kusababisha upungufu wa damu.

Matende ni uvimbe mkubwa wa mguu unaosababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Nchini Tanzania ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Aliyekwisha kuvimba hunufaika sana kwa kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha, kuuinua anapopumzika na kutibu michubuko yote.

Miguu katika kila umri

Watoto wachanga. Kila mtoto akaguliwe miguu anapozaliwa. Takriban mtoto mmoja kati ya elfu huzaliwa na mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kuelekea ndani na chini. Hali hii si laana wala kosa la mama. Hutibiwa kwa njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti (1914 - 2009) katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mwanzoni karibu kutwa nzima na baadaye usiku tu hadi umri wa miaka minne hivi. Wazazi wakiacha viatu hivyo mapema, mguu hupinda tena. Nchini Tanzania matibabu haya hutolewa katika hospitali kadhaa, ikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam.

Watoto na vijana. Nyayo bapa ni kawaida kwa mtoto mdogo, kwa kuwa tao hujijenga polepole. Zisipouma hazihitaji tiba. Mguu wa mtoto hukua haraka, hivyo kiatu cha shule kipimwe kila baada ya miezi michache. Mtoto akisimama, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi cha mguu.

Wajawazito. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Uvimbe wa ghafla usoni, mikononi na miguuni, pamoja na kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe, unaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wazee. Mafuta yanayolala chini ya wayo hupungua, kucha huwa ngumu na macho hayaoni vizuri. Ni vema ndugu au mjukuu amsaidie mzee kukagua miguu na kukata kucha. Kandambili zilizolegea ni chanzo kimojawapo cha wazee kuanguka na kuvunjika nyonga.

Kisukari na ganzi

Sukari inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka, huharibu neva na mishipa ya damu ya miguu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, kuchomachoma au kama anakanyaga pamba. Baadaye hahisi maumivu kabisa. Maumivu ndiyo humfanya mtu avue kiatu chenye kijiwe. Asiyeyahisi huendelea kutembea mpaka kidonda kifike mfupani. Hali hiyohiyo huwapata wagonjwa wa ukoma.

Waswahili husema panya hung'ata huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi, panya hana haja ya kupuliza: madaktari wa Dar es Salaam wameripoti wagonjwa wa kisukari walioguguniwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wakaona jeraha asubuhi. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliongoza nchini Tanzania mradi ulioanza katika miaka ya 2000 wa kuwafunza madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza mguu wa mgonjwa wa kisukari, ili vidonda vitambuliwe kabla ya kufikia hatua ya kukata.

Ganzi inaweza kupimwa nyumbani. Mgonjwa afumbe macho. Mtu mwingine aguse kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha tano cha kila mguu, bila kusukuma. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, aende kituo cha afya hata kama hana kidonda.

Mwenye kisukari au ganzi anashauriwa:

- kukagua miguu kila siku, juu, chini na kati ya vidole, akitumia kioo kama hawezi kuinama;
- kutotembea peku, hata ndani ya nyumba;
- kukung'uta viatu na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvivaa;
- kupima joto la maji kwa kiwiko, si kwa mguu;
- kutoota moto kwa miguu, hata wakati wa baridi ya milimani;
- kutokata sugu wala kuweka dawa kali juu yake;
- kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri.

Utunzaji wa kila siku

Kwa watu wote, inatosha kuosha miguu kila siku kwa sabuni, kukausha vizuri kati ya vidole, kupaka mafuta kwenye wayo na kisigino lakini si kati ya vidole, kubadili soksi kila siku, na kuanika viatu. Kununua viatu kunafaa zaidi alasiri, miguu inapokuwa imetanuka kidogo. Vijaribiwe vyote viwili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Wakati wa kwenda hospitali

Mtu aende zahanati au hospitali bila kuchelewa akiona mojawapo ya haya:

- kidonda chochote cha mguu kwa mwenye kisukari au ganzi, hata kama hakiumi;
- kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kinachonuka, au kidole kinachobadilika kuwa cheusi;
- wekundu na joto vinavyopanda mguuni, pamoja na homa;
- mguu mmoja kuvimba ghafla na kuuma;
- jeraha la msumari au mwiba mrefu, ili apate chanjo ya pepopunda;
- kuumwa na nyoka. Mguu utulizwe usichezechezwe, wala usikatwe chale au kufungwa kamba kwa nguvu.

Kupaka kinyesi cha ng'ombe, majivu, mafuta ya breki au unga wa vidonge juu ya kidonda huchelewesha tiba na kuongeza uchafu. Huduma ya kwanza ni maji safi yanayotiririka, sabuni na kitambaa safi.

Tazama pia

- Funza
- Kisukari
- Matende
- Ukoma
- Viatu