Kinga ya golemu dhidi ya uchawi

Golemu ni kiumbe wa kuundwa katika michezo ya uigizaji ya mezani, hasa Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Kwa kuwa hana damu wala pumzi, sumu na maradhi havimpati. Kanuni za 2003 zilikwenda mbali zaidi: uchawi mwingi haukumgusa kabisa, isipokuwa aina chache zilizotajwa kwa kila golemu. Yule wa mawe, kwa mfano, alipunguzwa mwendo na uchawi wa kugeuza mwamba kuwa tope, na ule wa kugeuza tope kuwa mwamba ulimponya. Uchawi wa kugeuza jiwe kuwa nyama ulimvua kinga kwa raundi moja tu, haukumfanya mtu.

Binadamu aliyegeuzwa jiwe ni jambo jingine, maana uchawi huohuo ulimrudisha, akinusurika mshtuko. Turkana, nchini Kenya, ina mfano wake: nguzo 19 za basalti za Namoratunga, kando ya barabara ya Lodwar–Kalokol, ambazo masimulizi ya wenyeji husema ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Wapitao huziwekea vijiwe juu. Kwa kanuni za mchezo, hao si golemu.

Toleo la 2014 lililegeza kinga: golemu hupata tu nafasi bora ya kuuepuka uchawi, ingawa umbo lake bado haligeuziki. Kanuni ya zamani ilikuwa na ladha zaidi.