Martensaiti

Moko, patasi ya chuma cha pua ya mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, haikawii kuwa butu. Mwamba wa dhahabu hauna huruma. Hurudishwa kwa mfua chuma, ambaye huvukuta hadi ncha iive nyekundu, kisha chubwi! majini.

Chuma cha pua kikipita takriban nyuzi 730 za Selsiasi, kaboni huanza kuyeyukia ndani yake. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga. Kikizamishwa ghafla, hunaswa humohumo, na atomu za chuma hujipanga upya kwa mpangilio uliopindika. Mpangilio huo mgumu ndio martensaiti, jina alilolitoa Mfaransa Floris Osmond mwaka 1895 kumuenzi Mjerumani Adolf Martens. Nondo ya kujengea, yenye kaboni kidogo, haikazi hivyo.

Je, tulitafutie neno la Kibantu? Sioni haja, jina la mtu halitafsiriwi. Warongo wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe bila kulihitaji.

Ila martensaiti ni kavu, humeguka. Ndiyo maana fundi huacha joto la mpini lirudi nchani, akivizia rangi ya manjano igeuke zambarau, ndipo azamishe tena.