Paa Lililozishinda Nguzo

Masika yakianza, nyumbani kwetu watu hawaulizani habari za mvua, wanaulizana vyombo. Sufuria hapa, ndoo kule, beseni la kufulia katikati ya sebule, na mama anapita na tambara akilalamika chini kwa chini. Mara ya kwanza baba aliita fundi, fundi akapaka lami kwenye matundu ya misumari. Mwaka uliofuata akaita mwingine, huyo akapigilia bati juu ya bati. Mvua ikaja, maji yakahama chumba.

Hatimaye akaja mzee mmoja ambaye hata ngazi hakuomba. Alisimama mlangoni, akaitazama dari, kisha akauliza: "Nani aliyesema sebule hii iwe pana namna hii?"

Baba akanyamaza. Aliyesema ni yeye.

Mzee akaeleza polepole. Kenchi ni nyembamba, zimepachikwa mbalimbali mno, na mbao zilipandishwa zikiwa mbichi. Zilipokauka zikapinda, bati likabonyea, maji yakapata pa kutuama. "Mnahangaika juu bure, bwana mkubwa. Ugonjwa uko huku chini."

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini je, ufa uliozaliwa pamoja na ukuta, huo unazibwaje? Ndugu msomaji, swali hili si geni katika pwani yetu. Watu wa Kilwa Kisiwani walikutana nalo zaidi ya miaka 600 iliyopita, tena katika nyumba yao ya ibada: Msikiti Mkuu wa Ijumaa.

Msikiti wa kwanza pale, ule wa upande wa kaskazini ambao umri wake unarudi hadi karne ya 11 au ya 12, ulikuwa mdogo. Paa lake lilikuwa bapa, limebebwa na nguzo tisa. Hiyo ndiyo kazi ambayo mafundi wa pwani waliijua barabara: unapanga boriti za mikoko, juu yake unamwaga mawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, kisha unaipiga mpaka ishikane. Boriti ya mkoko ni ngumu, ila haikupi urefu unaoutaka wewe. Ndiyo maana vyumba vya nyumba nyingi za mawe za zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Mti ndio uliokuwa ukipanga upana wa chumba, siyo mwenye nyumba.

Mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa ilikuwa imeneemeka. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alijulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alifika mwaka 1331 akausifu ukarimu huo. Kuna na jambo jingine aliloliona, ambalo kwetu sisi ni la maana zaidi: alitaja kwamba mvua za Kilwa ni nyingi.

Utawala wa sultani huyu ndio unaohusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na pia na upanuzi mkubwa wa msikiti kwa upande wa kusini. Safari hii hawakutaka boriti. Walitaka kuba, na matao marefu yenye umbo la pipa lililopasuliwa. Na chini yake wakasimamisha nguzo zilizochongwa kila moja kutokana na pande moja la tumbawe. Tumbawe likitolewa baharini bichi ni laini, linachongeka kwa shoka dogo, likikauka linakuwa gumu. Lazima zilikuwa nzuri nguzo zile! Nyembamba, nyororo, hazina kiungo.

Lakini kuba haifanani na paa bapa. Paa bapa linakandamiza chini tu. Kuba na tao hukandamiza chini na papo hapo husukuma ubavuni. Kuta nene huweza kuuhimili msukumo huo. Nguzo nyembamba iliyosimama peke yake, hata ikiwa ya jiwe moja lisilo na dosari, inaweza kubeba mzigo wa kichwani na bado ikashindwa kusukumwa begani. Na moja ikiyumba, jirani yake anabebeshwa mzigo usio wake.

Karne ile ya 14 haikwisha ila jengo lile jipya limekwisha anguka. Inavyoelekea nguzo hazikulimudu paa. Na wala halikujengwa upesi. Habari za Kilwa zilizoandikwa katika karne ya 16 zinaeleza kwamba msikiti ulikaa katika hali ya kuanguka hadi zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Hebu fikiri: mtoto aliyezaliwa siku ya kuanguka angeweza kuzeeka akipita kando ya kifusi kila Ijumaa. Na mvua ni zile zile za Ibn Battuta.

Waliojenga upya wangeweza kuinua tena nguzo zile zile za urembo, kisha wakaomba Mungu. Hawakufanya hivyo. Kuba walizirudisha, matao wakayarudisha, ila chini yake wakajenga nguzo nyingine kabisa: nene, zenye pande nane, za mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukisimama katikati yake leo, nguzo zinakuzibia macho kila upande. Ndizo zilizobaki. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505, biashara ikahama, mji ukafifia, nazo zikaendelea kusimama. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya miaka ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014.

Vitabu vinamsifu Abu al-Mawahib, na anastahili. Bila tamaa yake ya kuba pasingekuwa na cha kujenga upya. Ila mimi nawaheshimu zaidi wale mafundi wasiotajwa, waliokubali kwamba babu zao walikosea chini, wakaanzia hapo chini.

Baba naye alikubali, ingawa ilimchukua mwezi mzima. Kilichomuuma si gharama peke yake: aliyejenga nyumba ile alikuwa swahiba wake, na aliyemlazimisha sebule pana ni yeye. Bati zikashushwa, kenchi zikabadilishwa, na zikasimamishwa nguzo mbili katikati ya sebule. Wageni wanazigonga kwa mabega. Mama ametundika kalenda kwenye mojawapo.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Baba aliamka mara tatu kupapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu.