Ndani ya Kibuyu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kazi ya zamani ya Wakipsigis wa Kericho na Bomet, yaani kutengeneza maziwa ya mursik.

Kabla ya kampuni za Uingereza kuanzisha mashamba makubwa ya chai katikati ya miaka ya 1920, vilima hivi vilikuwa nchi ya ng'ombe na wimbi. Bidii ya mama ilijulikana kwa vibuyu vyake. Kibuyu, ndicho sotet, kilikaushwa mpaka kikawa kigumu, kikakatwa mdomo, zikatolewa mbegu. Hapo kazi ilikuwa bado. Mama alishika sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha kama brashi, akasugua ndani hata pasibaki harufu. Kisha alichoma kijiti cha senetwet, akatia makaa yake ndani, akayaponda na kuyapaka pande zote. Ndipo akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akayaweka siku kadhaa. Yalitoka mazito, yenye rangi ya kijivu, mgeni akanywa na kula ugali wa wimbi.

Je, mgeni aliona nini? Aliona shanga na ngozi za nje tu. Ndani ya kibuyu haliingii jicho. Mama mvivu angeweza kuficha uvivu wake leo. Lakini baada ya siku nne maziwa yangemfichua, na jasho la wachunga ng'ombe lingemwagwa.

Siku hizi vilima vimejaa chai. Mwaka 1964 iliundwa KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo, na watoto wengi wamesomeshwa kwa yale majani mawili na chipukizi. Hatulaumu. Lakini malisho yamepungua, maziwa twanunua ya pakiti, na vijana wengi hawaujui mti wa senetwet. Kazi hii ikipotea, itapotea na shule yake: kuwa mwaminifu pale asipoona mtu.

Bwana Yesu aliwaonya wanaosafisha kikombe kwa nje tu. Nyanya zetu, hata kabla ya kulisikia onyo hilo, walilijua kwa mikono yao. Basi, ndugu, kama nyanya yungali hai, mwendee juma hili, mwombe akufundishe kusafisha kibuyu. Nasi sote tujiulize: ndani yetu mna nini?

Kwaherini.