Fimbo za kulengea

Fimbo za kulengea ni egemeo la kubebeka ambalo mwindaji hulaza bunduki juu yake ili isiyumbe anapolenga. Huwa na miguu miwili, mitatu au minne, ya mbao, alumini au nyuzi za kaboni. Katika karne ya 19 wawindaji wa nyati kwenye nyanda za Marekani walipishanisha vijiti viwili na kuegemeza hapo bunduki zao nzito.

Katika uwindaji wa kulungu huko Uskoti na Ujerumani, nyasi ndefu wakati mwingine humzuia mtu kulenga akiwa amelala kifudifudi, na kupiga akiwa amesimama bila egemeo ni kumwonea mnyama. Mtutu ukikengeuka nusu digrii tu, risasi hukosa shabaha kwa takriban sentimita 87 kwenye umbali wa meta 100. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni dogo kuliko kosa hilo, na kulungu aliyepigwa tumboni hukimbia mbali na kufa kwa mateso.

Kinacholazwa ni mbao ya mbele ya bunduki, kamwe si mtutu wenyewe; mtutu ukigusana na fimbo, risasi huhama. Mkono wa mbele hukamata fimbo na bunduki kwa pamoja, kitako hukazwa begani, kisha kifyatulio huvutwa polepole pumzi ikiwa imetulia. Fimbo za miguu miwili ni nyepesi na hufunguka haraka, lakini huyumba mbele na nyuma. Za miguu mitatu husimama zenyewe. Hizi hubebwa pia na wafuata nyayo katika uwindaji wa kitalii Tanzania.