HAKI YA MAITI NA HAKI YA ARDHI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akayajaalia marejeo yake yawe humo.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), alikufa shahidi Mus'ab bin Umair, mchukuzi wa bendera ya Waislamu. Alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika neema, mashuhuri kwa mavazi na manukato. Siku ya kuzikwa kwake haikupatikana ila nguo moja: kikifunikwa kichwa, miguu huonekana, ikifunikwa miguu, kichwa huonekana. Mtume (S.A.W.) akaamrisha kichwa kifunikwe kwa nguo, na miguu iwekewe idhkhiri, nyasi yenye harufu nzuri.

Miaka mitano baadaye, Makka ilipofunguliwa, Mtume alikataza kukatwa mimea ya mji ule mtukufu. Al-Abbas akaomba idhkhiri itolewe katika katazo, kwa kuwa watu waihitaji kwa nyumba na makaburi yao, Mtume akairuhusu. Basi sheria iliyoihifadhi mimea ndiyo iliyompa maiti fungu lake, kwa kadiri ya haja.

Naye Sayyidna Abu Bakari, alipokaribia kufa mwaka wa 13 (634), aliusia kwamba nguo yake aliyokuwa akiivaa ifuliwe, iongezwe mbili, akafiniwe humo. Kwani aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya. Khalifa wa Waislamu hakuona unyonge katika jambo hilo.

Uingereza iliufikia wepesi huu kwa taabu. Katika karne ya 19 viwanja vya makanisa ya London vilijaa maiti. Matajiri waliwekwa katika masanduku ya madini ya risasi, na maskini wakarundikwa mashimoni. Baada ya kipindupindu cha 1848 na 1849, sheria ya 1852 iliruhusu kufungwa kwa makaburi ya mjini. Mwaka wa 1875 tabibu Francis Seymour Haden aliandika katika gazeti la The Times kwamba udongo wenyewe huumaliza mwili bila ya madhara, maadamu haukuzuiliwa kwa masanduku mazito. Akashauri majeneza yasukwe kwa fito. Na mwaka wa 1993 mji wa Carlisle ulianzisha makaburi ya msituni, ambako mti hupandwa mahali pa jiwe.

Haya si kusema maiti apuuzwe. Ni wajibu aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, na kaburi lichimbwe kina cha kuzuia harufu na wanyama. Alazwe katika mwanandani na kufunikwa kwa kiunza. Penye ardhi laini au yenye maji, wanazuoni wa Kishafii hawakuchukia sanduku. Lakini Mtume alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 (1277), alisema kwamba kujenga juu ya kaburi katika ardhi iliyotolewa kwa ajili ya wote ni haramu, kwa kuwa huwabana wengine. Amwagaye saruji na kubandika vigae juu ya kaburi la babake hudhani amemheshimu. Kumbe amemtwika mzee wake deni, kwa kuchukua nafasi ya mtoto wa maskini atakayekufa kesho. Heshima ya maiti ni dua na sadaka, na hizo haziijazi ardhi.

Wa billahi tawfiq.