Mkufu, Kigoda na Saa ya Ufunguo: Mapenzi ya Kazi ya Ustadi Machakos

Saa ya ufunguo, yaani saa isiyotumia betri bali nguvu ya kamani iliyokunjwa ndani yake, imekwisha kupoteza kazi yake ya awali, kwa kuwa simu ya bei ya chini kabisa huonyesha wakati kwa usahihi zaidi. Hata hivyo wapo watu wengi, nchini Kenya na kwingineko, wanaoinunua kwa gharama kubwa, wanaoivaa kila siku na wanaotamani kuwaachia watoto wao. Mapenzi hayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa majivuno ya wenye mali, au desturi iliyoletwa na Wazungu pamoja na saa zenyewe. Historia ya Machakos inatoa sababu ya kulitazama jambo hili upya, kwa maana Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambamo Machakos imo, palikuwa na watu waliovaa kazi ndogondogo ya chuma na shaba, na walioweza kupambanua iliyo bora na iliyo hafifu, muda mrefu kabla ya saa ya kwanza kupanda kutoka pwani.

Msingi wa ujuzi huo ulikuwa uhunzi. Charles William Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha maelezo yake kuhusu Wakamba mwaka 1910, na Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Sweden ambaye kitabu chake kuhusu jamii hiyo kilitoka mwaka 1920, wote wawili waliandika kuhusu wahunzi wa Ukambani. Chuma kilipatikana katika mchanga mweusi uliokusanywa kwenye vijito, kikayeyushwa kwa makaa yaliyopulizwa kwa mivukuto ya ngozi, kisha kikafuliwa kuwa majembe, visu, vichwa vya mishale na mapambo. Shaba ilitoka mbali zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, ushanga na masango, yaani waya mnene wa shaba uliokunjwa kuwa mapete makubwa. Na mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Ukambani mwaka 1849 na tena mwaka 1851, alipokewa na Kivui, mfanyabiashara maarufu wa Kitui aliyeongoza misafara ya namna hiyo.

Bidhaa hiyo ya pwani ilikuwa malighafi tu, kwa kuwa thamani yake iliongezwa na mkono wa fundi. Ili kutengeneza mkufu, waya ulikondeshwa kwanza hadi ukawa mwembamba wa kutosha, kisha ukazungushwa kwenye kijiti, ukakatwa kuwa vipete, na kila kipete kikaunganishwa na mwenzake na kubanwa mpaka kiungo chake kisionekane kwa urahisi. Mikufu bora ya Wakamba ina vipete vidogo mno vinavyolingana kwa ukubwa, hata mkufu mzima huteleza kiganjani bila kukwama. Na asiyejua ilivyotengenezwa angeweza kudhani kwamba ilitoka kiwandani. Mkufu wa aina hiyo haukukata kuni wala kulima shamba. Fundi alitumia saa nyingi za kazi kwa ajili ya kitu ambacho faida yake pekee ilikuwa kuvaliwa, kutazamwa na kutambuliwa.

Ustadi huohuo ulionekana kwenye kigoda cha mzee, ambacho ni kiti kidogo cha miguu mitatu kilichochongwa kutoka gogo moja. Juu ya sehemu ya kukalia, waya mwembamba wa shaba ulipigwa ndani ya mti, ukingo wake ukizama na mgongo wake ukibaki sawa na uso wa kiti, ukafanya mizunguko ya konokono iliyopangwa kwa ulinganifu. Na kiti hicho, kama ilivyokuwa tabakero ya ugoro, mara nyingi kiliambatana na mkufu. Kigoda kilikuwa alama ya mtu aliyefikia daraja la wazee, aliyestahili kuketi barazani na kusikilizwa. Kwa hiyo mapambo hayo yalisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwenyewe ana heshima miongoni mwa watu wake, na kwamba anajua kazi njema ni ipi.

Saa iliingia katika mazingira hayo pamoja na utawala mpya. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake Machakos mwaka 1889, na John Ainsworth akakisimamia kuanzia mwaka 1892. Lakini reli iliyotoka Mombasa ilipita kusini mwa mji huo, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahamia huko mwaka huohuo. Reli, shule, misheni na ofisi zilidai kazi ipimwe kwa saa, na kadiri Wakamba walivyoandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) na katika polisi, ndivyo nidhamu ya wakati ilivyozidi kuenea. Saa ya mkono yenyewe, ambayo Ulaya ilikuwa imehesabiwa kuwa pambo la wanawake, ilikubaliwa na wanaume hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu askari aliye handakini hakuwa na nafasi ya kutoa saa mfukoni.

Anayefungua saa ya ufunguo huona sababu ya kupendwa kwake. Chini ya mfuniko, fundi saa mwenye lenzi jichoni na kibano mkononi hukuta kamani kuu, ambayo ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo. Nguvu yake hupitia magurudumu yenye meno hadi kwenye kizuizi, yaani kifaa kinachoruhusu jino moja tu kupita kwa wakati mmoja. Kizuizi nacho huongozwa na gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku kwa msaada wa kamani nyingine nyembamba kama unywele, na katika saa nyingi za mkono hutoa vipigo kati ya vitano na vinane kwa kila sekunde. Kila kinachotendeka humo huonekana kwa macho na hufahamika kwa akili, na karibu kila kipande kinaweza kusafishwa au kubadilishwa.

Utaratibu huo ulipata mshindani tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, saa ya mkono inayoongozwa na mtetemo wa kipande cha kwatzi, ambacho ni aina ya jiwe linalotetema kwa kasi isiyobadilika likipitishiwa umeme. Saa za namna hiyo zilikuja kuwa rahisi kuliko zote, na wafanyakazi wa viwanda vya saa Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi kiasi cha 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa ya ufunguo ilisalia kwa sababu ileile iliyowafanya wazee wa Ukambani wathamini mkufu: ilipokosa ulazima, kilichobaki ni ustadi ulioganda ndani yake, na heshima ya kuuvaa mwilini.

Tofauti kati ya saa na mkufu iko katika hatima ya mafundi. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ufundi wa saa wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu, na uchongaji wa vinyago wa Wamunyu, katika kaunti ya Machakos, ulioanzishwa na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulipata wanunuzi na kudumu. Uhunzi wa mikufu haukupata mtetezi, kwa kuwa chuma na mapambo ya viwandani yaliushinda kwa bei, na misheni haikuyapenda mapambo ya zamani. Familia za Machakos zenye vigoda na mikufu ya wazee hazina budi kuvitunza badala ya kuviuza kama vyuma chakavu, na vyuo vya ufundi vya kaunti vingefanya vyema kuufundisha uhunzi huo upya, kwa maana ujuzi wa mikono usiporithishwa, hakuna makumbusho yanayoweza kuurudisha.